Somo: Kuchuma Mboga za Uani Msimu wa Joto

Habari za asubuhi ndugu zangu wa bustani za nyumbani. Leo nazungumzia kuchuma, kwa sababu hapa Dar wengi tunajua kupanda na kumwagilia, lakini mboga zinatuharibikia zikiwa zimeshakubali. Kuanzia Desemba mpaka masika yaanze mwezi Machi, mchana joto hufika nyuzi 31 au 32, na kila kitu hukomaa mbio. Bamia uliyoiona changa Jumatatu, Alhamisi ni ngumu haitafuniki. Isitoshe, mmea ukishakomaza mbegu hupunguza kutoa maua mapya. Ukichuma mara kwa mara, unaendelea kuzaa. Ukisubiri mboga ziwe kubwa, umeusimamisha mwenyewe.

Hatua ya kwanza ni saa. Chuma asubuhi na mapema, kabla jua halijawa kali. Usiku majani yameshiba maji. Ikifika saa nne yameanza kulegea, na jani lililochumwa limelegea halidumu. Andaa kisu kikali au mkasi uliooshwa kwa sabuni, na beseni au kikapu ukiweke kivulini. Usifungie mboga kwenye nailoni: zinatoa jasho, na jioni zimeanza kuoza.

Hatua ya pili, majani. Mchicha huwa tayari wiki tatu hadi nne tangu kusia. Kata juu, bakiza shina la vidole vinne hivi lenye majani machache, litachipua tena. Ukiung'oa wote, basi ng'oa pale palipobanana ili inayobaki ipate nafasi. Matembele kata ncha laini tu, urefu wa kiganja, usivute mtambaa wote. Majani ya maboga chukua machanga ya mwishoni. Usiuache mmea mtupu kama unataka na maboga yenyewe.

Hatua ya tatu, matunda, na hapa naomba mnisikilize kwenye bamia, maana ndipo tunapopoteza zaidi. Kagua kila baada ya siku moja, bila kuruka. Inayofaa ina urefu wa kidole. Kama una shaka, vunja ncha yake: changa hukatika papo hapo, iliyokomaa hupinda tu na kuonyesha nyuzinyuzi. Kata kikonyo kwa kisu, usinyofoe, ukinyofoa unachubua shina. Vaa mikono mirefu, vinyweleo vyake vinawasha. Tafuta pia chini ya majani mapana. Bamia hujificha hapo, na zikikomaa huko zinapunguza uzaaji wa mmea.

Nyanya chungu zichume zikiwa bado zinang'aa, kabla hazijaanza umanjano, la sivyo uchungu utawakimbiza watoto mezani. Bilinganya ibonyeze kwa kidole gumba: ikibonyea kidogo na kurudi, chuma, ngozi ikishafifia, imepitiliza. Nyanya zichume zinapoanza kubadilika rangi, ziivie ndani kivulini. Joto likizidi nyuzi 30, wekundu haujengeki vizuri, ndiyo maana nyanya ya juani hubaki na umanjano mabegani.

Hatua ya nne, mwagilia siku hiyohiyo jioni, na kila baada ya machumo kadhaa ongeza samadi iliyooza vizuri. Majani yafunge kwenye kitambaa chenye unyevu. Bamia usizioshe mpaka unapotaka kupika.

MASWALI YA WANACHAMA

Kigamboni: Shikamoo mama. Mchicha wangu umetoa maua ukiwa bado mfupi. Tatizo nini?

Marahaba mwanangu. Joto, kiu, na kubanana. Mchanga wa huko haushiki maji, kwa hiyo umwagilie asubuhi na jioni, na utandaze nyasi kavu juu ya udongo. Uliotoa maua chuma majani yake leo hii, uyale, kisha usie upya. Bakiza miche miwili mizuri kwa ajili ya mbegu.

Tabata: Nilipuliza dawa ya wadudu juzi. Naweza kuchuma matembele leo?

Hapana, ngoja kwanza. Soma kwenye chupa siku za kusubiri kabla ya kuvuna, uzifuate zote hata kama mboga zitakomaa. Dawa uliyopimiwa kwenye chupa ya maji, isiyo na maelezo, usiitumie kabisa kwenye mboga ya kula. Tunalima nyumbani ili tujue watoto wanakula nini, tusiuharibu uhakika huo kwa mikono yetu.

Mbezi: Mvua ikinyesha baada ya jua kali, nyanya zangu zinapasuka. Nifanyeje?

Mmea uliokuwa na kiu umekunywa maji mengi ghafla, tunda likavimba kuliko ngozi yake. Ukiona wingu zito, chuma zote zilizoanza kubadilika rangi. Siku za kawaida usiache udongo ukauke kabisa kisha ukamwaga ndoo nzima.

Sinza: Dada, nasafiri kwenda Tanga siku tano. Bamia zangu niziache tu?

Usiziache mdogo wangu. Asubuhi ya safari chuma zote, hata zile fupi kuliko kidole, ila maua usiyaguse. Halafu mwombe jirani achume kila baada ya siku moja na mboga iwe yake. Mwonyeshe kabla hujaondoka pa kukata, maana wengi huzivuta kwa mkono.