Jinsi ya kuomba uhamisho wa umiliki wa pikipiki ya zamani ya Kiingereza ukiwa Mombasa

Ukibahatika kupata BSA, Triumph au Norton ya zamani hapa Mombasa, usiikimbize kwa fundi. Anza na karatasi. Nimeona pikipiki nzuri zikifufuliwa kwa pesa nyingi, zikapakwa rangi, injini ikanguruma, kisha zikarudi kukaa uani kwa sababu hakuna aliyeweza kuthibitisha ni za nani. Pikipiki iliyosajiliwa mwaka jana, taarifa zake zote zimo kwenye mfumo. Ya mwaka 1958, mara nyingi utambulisho wake umebaki mahali pawili tu: kwenye logibuku (hati ya usajili wa chombo) ya karatasi iliyokunjwa ndani ya sanduku la mtu, na kwenye namba zilizogongwa katika chuma chenyewe.

Maelezo haya yanahusu pikipiki ambayo tayari ilisajiliwa Kenya. Kuagiza kutoka nje kuna taratibu zake.

Namba kwanza

Kabla ya kutaja bei, tafuta namba mbili: ya injini na ya fremu. Kwa Triumph za silinda mbili, ya injini iko upande wa kushoto, chini kidogo ya silinda, na ya fremu iko kwenye shingo ya usukani. Kwa nyingine anza kutafuta sehemu hizo hizo. Utakuta zimefunikwa na grisi iliyoganda pamoja na vumbi la miaka. Chukua mafuta ya taa na mswaki mkuukuu, sugua polepole, pangusa kwa kitambaa. Kisha paka chaki nyeupe juu na ufute kidogo kwa kidole. Chaki itabaki ndani ya mikwaruzo na namba itasomeka. Piga picha ukiwa na mwanga wa pembeni.

Msasa usiuguse. Grinda ndiyo kabisa. Hapa Pwani chumvi ya bahari imeshakula chuma hicho vya kutosha, na kila unapokwangua unapunguza kina cha namba. Zaidi ya hayo, Triumph za kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 zilitolewa kiwandani zikiwa na nembo ndogo ndogo za Triumph zilizojaa pale namba ya injini inapogongwa, makusudi ili aliyeifuta namba na kugonga nyingine agundulike. Fundi anayekung'arishia sehemu hiyo hadi iwe kama kioo amekufutia ushahidi wa uhalali wako. Mwambie mapema, na kwa maneno yasiyo na utata: "Fundi, hapa usipaguse." Ukishamaliza kupiga picha, paka mafuta mepesi juu ya namba hizo ili kutu isirudi.

Sasa soma ulichopata. Kuanzia msimu wa uzalishaji wa 1969, Triumph na BSA zilitanguliza herufi mbili mbele ya namba: ya kwanza ni mwezi, ya pili ni msimu. JD, kwa mfano, ni Agosti wa msimu wa 1970, na kwa kuwa msimu wa kiwanda ulianza Agosti, pikipiki hiyo ilitengenezwa Agosti 1969. Ndiyo maana logibuku moja itaandika 1969 na nyingine 1970 kwa pikipiki za mwezi mmoja, bila ya yeyote kudanganya.

Kuna jambo jingine linalowaponza wengi. BSA za miaka ya 1940 na 1950 zilitoka kiwandani Birmingham zikiwa na namba ya injini isiyofanana na ya fremu. Ndivyo walivyozitengeneza. Lakini afisa aliyezoea kuona namba zinazolingana anaweza kudhani injini imebadilishwa. Kwa Triumph za silinda mbili za miaka ya 1960, namba hizo zinatakiwa kulingana, na zisipolingana uliza kwa nini. Ukiwa na wasiwasi, au ukitaka kumwonyesha afisa kitu cha kushika mkononi, omba cheti cha tarehe. Klabu ya Uingereza iitwayo Vintage Motor Cycle Club, iliyoanzishwa 1946, huhifadhi kumbukumbu za viwanda kadhaa na hutoa vyeti hivyo kwa malipo. Vyama vya wamiliki wa BSA, Triumph na Norton navyo husaidia. Watataka picha za namba zote mbili. Cheti hicho hakikupi umiliki Kenya, ila kinathibitisha kwamba chuma ulichonacho ni kile unachosema.

Mwenyewe ni nani?

Ingia kwenye akaunti yako ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, fungua huduma za NTSA, mamlaka inayosajili vyombo vya barabarani, na uombe nakala ya rekodi za chombo kwa kutumia namba ya usajili. Malipo ya NTSA siku hizi hupitia eCitizen, kwa simu ni nambari ya malipo 222222. Mtu akikupa nambari yake binafsi akisema "tuma hapa, nitakulipia", kataa. Rekodi itakuonyesha jina la mwenye chombo, namba ya fremu, ya injini, na kama chombo kimewekwa dhamana ya mkopo. Linganisha kila herufi na picha zako.

Pikipiki iliyosajiliwa kabla ya 1989 huwa na namba ya mtindo wa zamani, herufi tatu na tarakimu, bila ile herufi ya mwisho tuliyoizoea. Kama haionekani kwenye mfumo, maana yake si kwamba ni ya wizi. Huenda rekodi yake ilibaki kwenye faili la karatasi. Hapo mwenye jina kwenye logibuku ndiye anayepaswa kuandikia NTSA akiomba rekodi iingizwe kwenye mfumo, aambatanishe nakala ya logibuku, kitambulisho, PIN ya KRA (namba ya mlipa kodi) na picha za namba. Usinunue kabla hilo halijafanyika. Lipa amana ndogo, muandikiane, msubiri.

Logibuku ikiwa imepotea, mwenye pikipiki aende kituo cha polisi kuripoti, apewe nambari ya OB (kitabu cha matukio) na abstrakti (karatasi ya polisi inayothibitisha ripoti), kisha aombe logibuku mpya kupitia akaunti yake mwenyewe. Yeye, si wewe.

Ugumu hasa huja mwenye jina akiwa amefariki, na kwa pikipiki za umri huu hilo ni jambo la kawaida. Ukiingia nyumba ya watu kama hao, toa pole kwanza, kaa, kunywa chai ukikaribishwa. "Pole mama, Mungu amrehemu mzee" inatangulia maswali yote ya bei. Halafu ujue hili: mjane au mtoto wa kwanza anayekukabidhi funguo hana uwezo kisheria wa kukuuzia hadi mirathi ishughulikiwe. Familia ya Kiislamu, warithi wote wakikubaliana, inaweza kwenda Mahakama ya Kadhi, ambayo Katiba ya 2010 inaitambua katika mambo ya urithi. Familia nyingine huanza kwa barua ya chifu na kuomba mahakamani hati ya kusimamia mali ya marehemu. Ombi hutangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, kuna siku 30 za pingamizi, na kwa kawaida hati huthibitishwa baada ya miezi 6. Ni muda mrefu. Lakini nikilinganisha na mtoto wa nje anayejitokeza miaka mitano baadaye akidai pikipiki ya baba, miezi 6 ni michache. Kama una uwezo, jitolee kulipia gharama za mahakama kama sehemu ya bei. Familia nyingi zimeacha mirathi njiani kwa kukosa nauli na ada tu.

Kuhamisha

Karatasi zikishakaa sawa, kazi hii ni nyepesi kuliko watu wanavyodhani. Muuzaji ndiye anayeanza. Ataingia kwenye akaunti yake, achague uhamisho wa umiliki, aweke namba ya usajili na taarifa zako. Wewe utapata taarifa kwenye akaunti yako, utakubali, na ada italipwa kulingana na mfumo unavyoelekeza. Logibuku halisi ya zamani hurudishwa NTSA. Kama muuzaji ni mzee asiye na akaunti, msindikize Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali, lakini simu yake na nywila yake zibaki mikononi mwake au mwa mtoto wake.

Andikianeni pia mkataba wa mauzo mbele ya wakili, ukitaja namba ya fremu na ya injini, si namba ya usajili peke yake. Tarehe ya mkataba ina uzito: Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, hairuhusu chombo kilichouzwa kutumiwa barabarani zaidi ya siku 14 kabla mnunuzi hajasajiliwa kuwa mwenyewe.

Kama rangi si ile iliyoandikwa, au injini imebadilishwa kweli, kuna ombi tofauti la kubadilisha taarifa za chombo, na hapo utapangiwa ukaguzi. Usipake rangi mpya katikati ya uhamisho. Utajizidishia kazi.

Siku ya ukaguzi

Ipeleke kwa pikapu ikiwa bado haina bima. Hakikisha taa ya mbele, ya nyuma na ya breki zinawaka, honi inalia, tairi hazijapasuka pembeni kwa uzee hata kama kashata (meno) zake bado nzima. Nyingi za zamani zina umeme wa volti 6 na taa yake ni hafifu. Safisha viungo vyote vya nyaya, pamoja na vya waya wa ardhi unaofungwa kwenye fremu, kabla, utashangaa mwanga unavyoongezeka.

Na mweleze afisa kabla hajaipanda: hadi katikati ya miaka ya 1970, pikipiki za Kiingereza zilikuwa na gia mguu wa kulia na breki ya nyuma mguu wa kushoto. Mtu aliyezoea bodaboda atakanyaga gia akitafuta breki. "Afisa, breki ya nyuma ni kushoto" ni sentensi ndogo inayozuia ajali, na wewe mwenyewe ujizoeze uwanjani kabla ya kukutana na matatu za Digo Road.

Bima ya mtu wa tatu ni lazima. Leseni yako iwe na daraja la A2. Kofia ngumu na jaketi la kung'aa vinatakiwa kisheria, na abiria ni mmoja tu.

Kuchukua logibuku

Ujumbe ukija kwamba logibuku iko tayari, chukua zile picha za namba. Usiiweke kando kabla ya kuisoma. Angalia kama sifuri imeandikwa O, kama 1 imekuwa I, kama namba ya injini haikuwekwa mahali pa fremu, kama mwaka na ukubwa wa injini ni sahihi. Kosa likionekana, lionyeshe na uombe lisahihishwe mara moja. Na kama bado unatumia vibao vya zamani vya namba, omba vile vya kizazi kipya vilivyozinduliwa 2022. Uliza kama unaweza kubaki na vile vya zamani vya chuma. Wakikukubalia, vifunge ukutani gereji.