SOMO: Jahazi la kwanza la mbao kwa dogo anayeanza, na liwe linaelea kweli

Habarini wakuu. Naona madogo wengi wanaulizia namna ya kutengeneza meli ya mbao, na wakubwa wanawajibu kwa kuwaletea zile meli za vita za kizungu, milingoti mitatu, mizinga pembeni, kamba hata hujui inaanzia wapi, dogo anafungua boksi anakata tamaa siku hiyohiyo. Mi nasema anza na jahazi. Mlingoti mmoja, tanga moja, na likiisha unalitia majini linaenda. Lile lisiloenda majini ni pambo la kabati, na leo sifundishi mapambo.

Tutafanya jahazi la Lamu kwa sababu moja tu, fashini yake ya mbele (ule mti wa kwenye ncha) imesimama karibu wima, kwa hiyo huhitaji kupinda mbao wala kuchonga omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, lenye mkunjo mgumu. Urefu sm 40, upana sm 13, kina sm 6 bila mkuku, ule uti wa chini ya chombo. Mafundi wa Matondoni, kijiji cha hukohuko Lamu, wanaunda majahazi makubwa kwa macho na uzoefu bila mchoro wa karatasi, ila we ndo unaanza bwana, chora.

VITU VYA KUWA NAVYO
Mbao laini na kavu vipande vitatu, unene sm 2, kila kimoja sm 42 kwa 14. Mbao za paleti za paini zinafaa sana, msufi unafaa, mwembe pia. Mbambakofi na mninga waachie wenye vyombo vyenyewe, zitakumaliza mkono. Alafu msumeno mwembamba wa kukata kona, patasi, tupa ya mbao, keekee, msasa namba 80, 120 na 220, nondo ya mm 10 urefu sm 30, mwanzi, kitambaa cha marekani au shuka kuukuu la pamba, uzi wa nailoni wa mvuvi na vanishi. Gundi angalia sana, ile nyeupe ya kawaida ya mafundi samani ikikaa majini inalainika, tafuta iliyoandikwa inahimili maji au epoksi ile ya mirija miwili unayochanganya.

HATUA YA 1: KARATASI
Chukua karatasi ngumu ikunje katikati kwa urefu, chora nusu tu ya umbo, kata, kunjua. Hapo kulia na kushoto lazima vilingane, hata kama mkono wako unatetemeka. Unatengeneza tatu: ya juu upana wa sm 13, ya kati sm 11, ya chini sm 7. Mbele zote zinachongoka, nyuma zinakatwa bapa, ya juu iache sm 8 pale tezi (nyuma ya chombo), ya kati 5, ya chini 2. Sehemu pana zaidi iwe nyuma ya katikati kidogo. Piga mstari wa kati kwenye kila ubao, juu, chini na kwenye ncha zote mbili, na usiufute hata ukikuudhi, maana kila kitu kinapimwa kutokea hapo.

HATUA YA 2: KUKATA NA KUGUNDISHA
Kata mbao tatu kwa kufuata hizo karatasi. Sasa kabla hujagundisha, toa matumbo ya ubao wa juu na wa kati kwa msumeno, acha ukuta kuzunguka, sm 2 kwa ubao wa juu na sm 3 kwa wa kati, ili kila ubao ukalie ule wa chini yake. Ukigundisha kwanza ndo ukumbuke kuchimba utalia na patasi wiki nzima. Ubao wa chini unabaki mzima, unaufukua kidogo tu. Paka gundi, linganisha mistari ya kati, alafu funga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli uliokatwa mkanda mrefu, zungusha ukivuta kwa nguvu. Mpira unabana vizuri kuliko kamba maana unaendelea kuvuta hata gundi ikinywea. Acha mpaka kesho yake, usiguse.

HATUA YA 3: KUCHONGA (hapa ndo penyewe, usiwe na haraka)
Ukifungua mpira utaona kitu kina ngazi ngazi, hakifanani na chombo chochote. Ni sawa. Kazi yako ni kuziondoa zile ngazi na kuishia pale kwenye kona ya ndani, basi, usizidi. Patasi inatoka katikati kwenda ncha, mbele na nyuma, kwa sababu ukienda kinyume cha nyuzi za mbao inachimba na kung'oa kipande. Mkono unaoshika mbao ukae nyuma ya patasi siku zote, na dogo akiwa chini ya miaka 12 patasi ashike mkubwa.

Sasa cheki hii. Ile mistari ya gundi iliyobaki kwenye mbao ndo ramani yako. Geuza jahazi kichwa chini, liangalie kutokea omo jicho moja umefumba, utaona mistari miwili inapanda kila upande. Kama ya kulia imejipinda tofauti na ya kushoto basi kuna upande umenenepa, piga tupa kidogo pale, angalia tena. Ukiona mistari imelingana na inateleza bila kukatikakatika, mwili umekaa. Hakuna rula itakayokwambia hivyo. Baada ya hapo msasa 80, 120, 220 kwa mpangilio huo, na usiruke namba, mikwaruzo ya 80 itajitokeza tu chini ya vanishi.

HATUA YA 4: MKUKU NA NONDO
Mkuku ni ufito wa mbao ngumu, unene sm 2, kimo sm 2.5, unakaa kwenye mstari wa kati chini. Chimba mfereji upande wake wa chini, laza nondo humo na epoksi. Nondo ya mm 10 ina uzito wa gramu 617 kwa mita, kwa hiyo sm 30 ni kama gramu 185, hiyo ndo farumi yako, uzito wa kukisimamisha chombo. Majahazi yenyewe yanabeba mawe au mifuko ya mchanga ndani, ila kwa kichombo kidogo uzito ukiwa chini kabisa kinasimama vizuri zaidi. Risasi za ndoano usimpe mtoto achezee, ina sumu. Fashini mbili, mbele na nyuma, zinagundishwa baada ya mkuku, na usukani unafungwa kwenye fashini ya nyuma.

Mataruma, zile mbavu za ndani, kwa jahazi hili si lazima, ukuta unatosha, ukitaka kupendezesha weka fito ndogo ndani. Vanishi mikono mitatu ndani na nje, ndani hasa, watu wanapasahau.

HATUA YA 5: MLINGOTI, FOROMALI, TANGA
Mlingoti sm 32, mguu wake kwenye tundu la ubao wa chini, sm 16 kutoka omo, na juu unapita kwenye kibao kilicholazwa kutoka ukuta mmoja hadi wa pili. Usisimame wima, kichwa kiegemee mbele kama sm 4. Foromali, boriti inayobeba tanga, ni mwanzi wa sm 47, unaifunga kwa henza (kamba ya kuipandisha mlingotini) chini kidogo ya katikati yake.

Tanga si pembetatu kamili. Upande wa foromali sm 43, nyuma 36, chini 30, na mbele kuna ukingo mfupi wa sm 4. Ongeza sm 1 ya upindo. Upande wa foromali ukate umejaa kidogo, usiwe mstari ulionyooka, ndo tanga linapata tumbo la kushika upepo. Ndani ya upindo pitisha uzi mnene uwe dasi, kamba ya ukingo wa tanga, vinginevyo kitambaa kinavutika. Demani, kamba ya kukaza na kulegeza tanga, inatoka kona ya nyuma mpaka tezi.

Mwisho macho mawili ya duara pale omo, jahazi la Lamu bila macho mi silielewi.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Mwanza: Shikamoo fundi. Nimelitia kwenye beseni limelala upande wa kushoto, na nimepima kila kitu.
Jibu: Marahaba mwanangu. Toa mlingoti kwanza ulijaribu tupu. Likikaa sawa, basi mlingoti au foromali ndo inavuta. Likiendelea kulala, ukuta wa kushoto ni mnene, kwangua kwa ndani si kwa nje. Maji yafike katikati ya ubao wa pili au juu yake kidogo.

Mama wa Nairobi: Kaka, mbao huku bei imepanda, kijana anauliza kama anaweza kutumia plastiki na ndala kuukuu.
Jibu: Anaweza dada, na asione aibu. Pale Lamu mwaka 2018 walishusha majini jahazi la Flipflopi, mbao zake zote za plastiki iliyorejelezwa na mwili umevalishwa ndala zilizookotwa, na mwaka 2019 likasafiri mpaka Zanzibar. Ndala inachongeka kwa kisu kikali tu. Ila epoksi haishiki kila plastiki, jaribu kipande kwanza.

Mdau: Boss, langu limepasuka kwenye gundi baada ya wiki mbili, shida gundi au?
Jibu: Mbao ilikuwa mbichi. Inaponyauka inavuta, gundi haina kosa. Mbao mpya ziache ndani pakavu zilale zimetenganishwa na vijiti, mpaka ukizigonga zinalia wazi.

Mdau wa Muscat: Assalaam aleikum. Mwanangu ameiona Fatah al-Khair, kile chombo cha zamani kule Sur, Oman, anataka hiyohiyo, somo hili litamfaa?
Jibu: Waaleikum salaam. Ile ni ghanja, aina ya jahazi kubwa la Kiarabu, ya 1951, tezi yake imechongwa nakshi na omo limejikunja, kwa mkono wa kwanza ni mateso. Afanye hili, alafu la pili atumie njia hii hii ya mbao za kugandisha ila aongeze tabaka mbili kule tezi ndo apate kimo.

Kijana wa Tanga: Mzee, likiwa majini nalielekezaje? Na linageukaje?
Jibu: Funga usukani usicheze, weka tanga upande upepo unakoenda, legeza demani kidogo, uliachie upepo ukitoka ubavuni. Likienda lenyewe kuufuata upepo, kaza demani. Kugeuka lenyewe halitageuka, hata kwenye jahazi la kweli lazima mabaharia wapitishe foromali mbele ya mlingoti kuihamishia upande wa pili, kwa hiyo we ndo baharia, lifuate ukalipindue. Funga uzi wa nailoni mita 20 kwenye tezi, na maji yakiwa yanakupwa usiliachie mkono kabisa, linakwenda na maji na hulikuti.