Somo: Kuunganisha pochi ya kripto ya simu na dApp bila kuibiwa

Somo hili ni la mwenye pochi ya kripto kwenye simu, iwe MetaMask, Trust Wallet, Phantom au nyingine yoyote ambayo funguo zake (siri zinazoruhusu kutumia pesa zilizomo) anazishika mwenyewe, na sasa anataka kuitumia kwenye programu zilizogatuliwa, yaani zinazoendeshwa kwenye mnyororo wa bloku (daftari la wazi la miamala ya kripto), hizi tunazoziita dApp: masoko ya kubadilisha tokeni (sarafu na mali za kidijitali), majukwaa ya kukopesha, minada ya NFT (tokeni za kipekee, mfano picha) na kadhalika.

Kwanza tuondoe hofu iliyokaa mahali pasipo pake. Kuunganisha pochi peke yake hakumpi mtu pesa zako. Kinachotoka ni anwani yako, na anwani yenyewe iko hadharani kwenye mnyororo wa bloku. Watu wanaibiwa baada ya hapo, pale dApp inapoleta ombi la pili nao wanabonyeza kukubali bila kusoma. Kwa hiyo hatua za mwanzo tutazipita haraka, na ya nne tutakaa nayo.

Hatua ya 1: Tenga pochi ya kazi. Akiba ikae kwenye pochi isiyounganishwa na dApp yoyote. Ya pili iwe na kiasi cha kufanyia shughuli tu. Hizi mbili zitoke kwenye maneno ya siri tofauti, yaani yale maneno 12 au 24 ya kurejeshea pochi. Ukifungua akaunti mbili chini ya maneno yale yale 12, idhini (ruhusa za kutoa tokeni) za moja hazigusi nyingine, ni kweli, lakini maneno yakivuja zote zinakwenda.

Hatua ya 2: Fika kwenye tovuti halisi. Usipitie matangazo yanayokaa juu ya matokeo ya utafutaji, huko ndiko tovuti feki hununua nafasi. Chukua anwani kwenye nyaraka rasmi za mradi, isome herufi kwa herufi, kisha iweke alamisho ili siku nyingine usitafute tena. Jihadhari pia na programu za kupakua. Septemba 2024 watafiti wa usalama wa mtandao wa Check Point walifichua programu iliyojiita WalletConnect kwenye Google Play. Ilipakuliwa zaidi ya mara 10,000 na ikaiba takriban dola 70,000. WalletConnect ni itifaki, yaani njia ya mawasiliano kati ya pochi na dApp, iliyomo ndani ya pochi yako, hakuna kitu cha kusakinisha. Mtu akikwambia uipakue kwanza, achana naye.

Hatua ya 3: Unganisha. Kama dApp umeifungua kwenye kivinjari cha simu, gusa "Connect Wallet", chagua pochi yako, na simu itakurusha kwenye pochi. Kama iko kwenye kompyuta, fungua skana iliyo ndani ya pochi na uisomeshe msimbo wa QR. Pochi nyingi pia zina kivinjari chake cha ndani. Msimbo wa QR usome ule tu ulioufungua mwenyewe; ukitumiwa na mtu, unajiunga na kikao chake yeye.

Kabla ya kukubali, angalia jina la tovuti, mtandao na akaunti zilizochaguliwa. Acha ile moja ya kazi, nyingine zitoe. Na hapa au popote pengine, ukiombwa maneno 12 au 24, funga ukurasa. Hakuna dApp inayoyahitaji. Hakuna.

Hatua ya 4: Soma unachosaini. Maombi ya dApp ni ya aina kuu tatu, na kwenye skrini ndogo ya simu yanafanana mno.

La kwanza ni ujumbe wa kuingia. Ni maandishi ya kuthibitisha kuwa anwani ni yako, hauna ada ya gesi (malipo ya mtandao kwa kila muamala). Hakikisha tovuti iliyotajwa ndani ya ujumbe ndiyo uliyopo.

La pili ni idhini, "Approve". Hapa unauruhusu mkataba mahiri (programu inayojiendesha kwenye mnyororo) utoe tokeni zako bila kukuuliza tena. dApp nyingi huomba kiasi kisicho na kikomo ili usisumbuliwe siku nyingine. Badilisha: weka kiasi unachotumia leo. Jua pia kwamba sarafu asilia ya mtandao, mfano ether kwenye Ethereum, haihitaji idhini, inatumwa moja kwa moja. Kwa hiyo kama unauza ether na tovuti inakuomba idhini ya USDC (tokeni yenye thamani ya dola), jiulize USDC imeingiaje hapo. Kwa NFT ombi linaitwa "setApprovalForAll", na linatoa mkusanyiko mzima, siyo picha moja.

La tatu ndilo linalowaliza hata wazoefu: "Permit". Ni saini tupu, haina ada, inafanana na ujumbe wa kuingia, lakini ndani yake mna idhini. Watu hujiambia hakuna gesi basi hakuna hasara. Saini hiyo ni hundi uliyoiandika ukamwachia mtu. Ataipeleka benki siku anayotaka, na gesi atalipa mwenyewe. Ukiona vipengele vya owner (mwenye mali), spender (atakayeitoa), value (kiasi) na deadline (mwisho wa muda), hiyo siyo ya kuingia. Angalia value ni kiasi gani na spender ni nani.

Wala usiseme tovuti ni halisi kwa hiyo nabonyeza tu. Desemba 2021 BadgerDAO, jukwaa la kripto, ilipoteza takriban dola milioni 120 huku mikataba yake ikiwa mizima. Kilichoingiliwa ni tovuti, ikawa inaomba idhini za mwizi. Tarehe 14 Desemba 2023 kipande cha programu cha Ledger, kampuni ya pochi za kripto, kilichokuwa kinatumiwa na dApp nyingi kilitiwa msimbo mbaya kwa saa kadhaa. Walioingia siku hiyo walikuwa kwenye anwani sahihi kabisa.

Hatua ya 5: Ukimaliza, kata muunganisho na ufute idhini. Ni mambo mawili tofauti. Kukata kunamaliza kikao tu, idhini inabaki kwenye mnyororo hadi uifute. Tumia Revoke.cash au ukurasa wa idhini wa Etherscan. Kuangalia tu, bandika anwani yako, huhitaji kuunganisha. Kufuta kunalipiwa gesi, na kila mtandao una orodha yake.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, jana niliingia tovuti nikashtuka ni feki, nikakata muunganisho haraka. Niko salama?

Jibu: Inategemea ulisaini nini. Kama uliunganisha tu, tulia. Kama ulitoa idhini, ifute sasa hivi. Kama ulisaini kitu kisicho na gesi na hukumbuki kilikuwa nini, usitegemee orodha ya idhini, kwa sababu Permit haionekani mpaka mwizi aitumie. Hamisha tokeni zako kwenye anwani nyingine kwanza, uchunguzi baadaye.

Swali: Mkuu, nikiweka kikomo kila mara, si nitalipa gesi mara mbili kila nikibadilisha?

Jibu: Ndiyo, utalipa. Kwenye Ethereum yenyewe inaweza kuuma, kwenye mitandao ya tabaka la pili (iliyojengwa juu ya Ethereum ili kupunguza gharama) ni senti. Mimi naona gharama hiyo ni ndogo, ila kama pochi ya kazi ina vitu vya thamani ndogo na dApp unaitumia kila siku, sitagombana nawe.

Swali: Zimeingia tokeni nisizozijua, jina lake ni anwani ya tovuti ya kudai zawadi.

Jibu: Yeyote mwenye anwani yako anaweza kukutumia tokeni, na kupokea hakukudhuru. Zifiche, usijaribu kuziuza, na tovuti hiyo usiifungue.

Swali: Nikinunua pochi ya kifaa, ile inayotunza funguo nje ya simu, haya yote yameisha?

Jibu: Kifaa kinalinda funguo, hakikuzuii kusaini upuuzi. Februari 2025 Bybit, soko la kripto, iliibiwa takriban dola bilioni 1.5, waliosaini waliona kwenye skrini muamala wa kawaida.

Swali: Maneno yangu 12 nimeyapiga picha ya skrini, yako kwenye simu tu. Kuna shida?

Jibu: Kubwa. Februari 2025 kampuni ya usalama ya Kaspersky walieleza kuhusu SparkCat, programu hasidi inayosoma maandishi ndani ya picha za simu kutafuta maneno hayo hayo, na ilikutwa hata kwenye App Store. Kwa kuwa picha imeshakaa humo, usiifute tu: fungua pochi mpya yenye maneno mapya, yaandike kwenye karatasi, kisha hamisha mali.

Swali: Nikigusa kuunganisha, simu inanipeleka kwenye pochi halafu kimya.

Jibu: Sasisha pochi kwanza, maana toleo la kwanza la WalletConnect lilizimwa Juni 2023 na pochi za zamani zilikwama hapo. Kisha futa vikao vya zamani kwenye mipangilio ya pochi, rudi kwenye kivinjari, pakia ukurasa upya na ujaribu tena. Ikigoma, fungua anwani ile ile kwenye kivinjari cha ndani ya pochi.