Kutazama upya makala za video za zamani kuhusu Wakristo wa kwanza

Kabla hujawasha, tafuta mwaka makala ilipotoka uuandike juu ya karatasi. Vijana wa kanisani kwetu huwa nawaonyesha From Jesus to Christ, ile ya televisheni ya PBS ya Marekani ya 1998, na mwaka huo ndio unaotuongoza: kilichofukuliwa baadaye hakimo. Nyumba ya karne ya kwanza pale Nazareti ilitangazwa Desemba 2009. Sinagogi ya Magdala, yenye jiwe lililochongwa kinara cha matawi saba, ilipatikana mwaka huohuo.

Urefu wake ni kama saa nne. Igawe, saa moja kwa kikao, la sivyo simu zitaanza kutoka mifukoni.

Kazi kubwa ni kusimamisha video. Msomi akisema jambo, waulize: hili limetoka ardhini, limetoka kwenye maandishi, au ni maoni yake? Chukua Sepphoris, mji wa Herode Antipa, mtawala wa Galilaya, ulio kama kilomita 6 kutoka Nazareti. Magofu yapo, umbali unapimika. Kwa hiyo Yesu kukulia jirani na mji, hilo sina neno nalo. Ila wapo wanaoongeza kwamba yeye na Yosefu walikwenda kujenga huko. Hapo mimi husimamisha. Injili haziutaji mji huo hata mara moja, na ukumbi wake wa maigizo wataalamu bado wanabishania kama ulikuwapo Yesu akiwa hai. Andikeni: kukisia.

Picha nazo zina uchawi wake. Ile sura ya Yesu iliyoundwa kwa kompyuta kwenye makala ya Son of God ya BBC (2001) ilitokana na fuvu la mtu asiyejulikana wa karne ya kwanza. Sema hivyo kabla haijatokea, maana ikishatokea hakuna anayekusikiliza.

Makala za baada ya 2002 zinapenda sanduku la mifupa lililoandikwa "Yakobo, mwana wa Yosefu, ndugu wa Yesu". Mwenye nalo alishtakiwa kwa kughushi, na 2012 mahakama ya Yerusalemu ikamwondolea shtaka hilo. Lakini jaji alieleza kuwa hukumu haithibitishi kwamba maandishi ni ya kale. Makala ikiishia kwenye shangwe za 2002, maliza wewe hadithi.

Sehemu ya Paulo isitazamwe kabla ya kusoma 1 Wathesalonike. Ni sura 5 tu, na wasomi wengi huiona kuwa andiko la Kikristo la zamani kuliko yote tuliyo nayo, la mwaka 50 hivi, kabla ya Injili zote nne. Isomwe yote kwa sauti, wapokezane, ndipo uwashe.