Gereji ya gari chini ya nyumba kwenye ploti iliyoinama: anza na maji

Somo hili linamhusu mwenye ploti ya mteremko: upande wa Milimani Nakuru chini ya Menengai, Riat kule Kisumu, vilima vya Vihiga au Kisii. Ploti kama hiyo inakupa chumba cha magari bila kula nafasi ya nyumba. Lakini gereji ya chini huharibiwa na maji kuliko kitu kingine chochote, kwa hivyo kila uamuzi hapa unaanza na swali moja: mvua ikinyesha, maji yatapitia wapi kutoka nje?

Hatua ya 1: Pima levo kabla ya kuchora

Chukua mpira wa maji unaoonyesha ndani, wenye urefu wa kufika kona zote za ploti. Ujaze polepole mpaka pasibaki povu la hewa hata moja, kwa sababu hewa iliyonaswa katikati hudanganya kipimo. Mmoja ashike ncha kando ya barabara, mwingine atembee na ncha ya pili kona zote nne za ploti, na kimo cha maji kutoka ardhini kiandikwe kwenye ncha zote mbili kila mara.

Barabara ikiwa upande wa chini wa ploti, una bahati: gari linaingia usawa na maji yanatoka yenyewe. Ikiwa juu, piga hesabu ya rampu, yaani njia ya mteremko ya gari. Gari hupanda vizuri mwinuko wa 1 kwa 8, yaani mita 1 juu kwa kila mita 8 za kwenda mbele. Sakafu ikiwa mita 1.5 chini ya barabara, hiyo ni mita 12, na ukilainisha juu na chini kwa vipande vya mita 2.5 vya 1 kwa 16, inafika mita 14.5. Kwenye ploti ya 50 kwa 100, yaani mita 15 kwa 30 hivi, karibu nusu ya urefu imeisha. Usiruke vile vipande vya kulainisha: bila hivyo gari la chini hugonga tumbo juu na bampa chini. Mwinuko mkali kabisa uwe 1 kwa 6.

Mdomo wa rampu uinuliwe sentimita 10 hadi 15 juu ya ukingo wa barabara, ili maji ya barabarani yasigeukie kwako. Chini, mbele ya mlango, pitisha mtaro wa upana wa sentimita 20 wenye kifuniko cha vyuma, kutoka ukuta hadi ukuta.

Hatua ya 2: Vipimo vya ndani

Gari moja, mita 3.5 kwa 6. Mawili, 6 kwa 6. Mlango wa gari moja uwe na upana wa mita 2.7 na kimo cha 2.2. Prado hukaribia mita 1.9 kabla hujafunga keria. Kimo kipimwe chini ya boriti, sio chini ya slabu, yaani sakafu ya zege ya juu: ukiacha mita 2.6 na boriti ikashuka sentimita 40, umebaki na 2.2, na mlango wa kukunja bado unadai nafasi ya roli lake juu. Mbele ya mlango acha mita 6 wazi za kugeuzia.

Hatua ya 3: Ukuta unaoshika kilima

Hapa ndipo pesa iende. Ukuta wa nyuma haubebi nyumba tu, unasukumwa na udongo usiku na mchana. Ukiujenga kwa mawe ya kawaida ya sentimita 20 bila vyuma, utapasuka kwa mstari wa mlalo na kufura kuelekea ndani. Uwe wa zege lenye vyuma, na injinia wa miundo aliyesajiliwa apige hesabu. Muulize swali hili: ukuta unasimama wenyewe au unashikwa juu na slabu? Ukisimama wenyewe, vyuma vikuu vinakaa upande wa udongo. Ukishikwa na slabu, upande wa ndani nao unavutika, na hapo usijaze udongo nyuma kabla slabu haijakomaa siku 28. Mafundi wengi hujaza mapema ili kupata pa kusimama, na ukuta unainama kabla nyumba haijaanza.

Maji nayo usiyaache yakae nyuma yake. Yakisimama kimo cha mita 2.5, husukuma kila mita moja ya urefu wa ukuta kwa tani 3 hivi, mbali na udongo wenyewe. Paka lami ya kuzuia maji mara mbili upande wa udongo. Weka bomba lenye matundu la inchi 4 chini ya usawa wa sakafu, lililozungushiwa kitambaa cha kuchuja, likiinama 1 kwa 100 hadi litokee nje upande wa chini. Juu yake jaza kokoto upana wa sentimita 30 hadi karibu na uso. Udongo mliochimba usirudishe hapo, utaziba.

Hatua ya 4: Sakafu

Hadikoo (mawe ya kujazia) sentimita 30 iliyoshindiliwa kwa tabaka mbili, vumbi la mawe, nailoni ya geji 1000, wavu wa vyuma wa BRC A142, kisha zege la sentimita 15. Kwa mita 6 kwa 6 hiyo ni mita za ujazo 5.4, kwa mchanganyiko wa 1:1.5:3 (simiti, mchanga, kokoto) agiza mifuko 45 ya simiti, upotevu ukiwemo. Sakafu iinamie mtaroni 1 kwa 80. Mwagilia zege maji siku 7.

Hatua ya 5: Hewa na moto

Moshi wa gari una kaboni monoksidi, gesi ya sumu ambayo haionekani wala hainuki, na vyumba vya kulala viko juu yake. Acha matundu ya kudumu pande mbili zinazotazamana, jumla yake asilimia 5 ya sakafu: kwa mita za mraba 36, ni 1.8. Mengine yawe chini karibu na sakafu, kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Mlango wa kuingia nyumbani uwe wa kuzuia moto, ujifunge wenyewe, na sakafu ya gereji iwe sentimita 10 chini yake ili mafuta yakimwagika yasiingie ndani. Jenereta haikai humu, hata mlango ukiwa wazi.

Maswali na majibu

Swali (Nakuru): Udongo wetu ni majivu ya volkano, unachimbika kirahisi na unasimama wima. Nikate moja kwa moja?
Jibu: Hapana, ndugu. Ukiwa mkavu unasimama, ukilowa unaporomoka ghafla, tena juu ya watu. Kata kwa kulaza kingo za shimo au weka mihimili ya kuzishika, na usiache shimo wazi Machi hadi Mei. Ukiona ufa ardhini, simamisha kazi na umwite injinia. Jambo la pili: tetemeko la Subukia la tarehe 6 Januari 1928 lilikuwa na ukubwa wa 6.9. Ghorofa ya chini iliyo wazi mbele ndiyo huyumba kwanza, kwa hivyo mwambie injinia aweke fremu imara kuzunguka mlango.

Swali (Nyamasaria, Kisumu): Ploti yangu ni tambarare na udongo ni mweusi. Nikiweka pampu si inatosha?
Jibu: Mvua kubwa na kupotea kwa stima huja pamoja, na siku hiyo pampu imelala. Udongo huo pia hufura ukilowa na kupasuka kiangazi. Usichimbe. Inua nyumba juu ya nguzo na uegeshe chini yake kwa usawa wa ardhi. Misingi ya nguzo ipite udongo mweusi wote.

Swali (Vihiga): Tumechimba tukakuta jabali nusu ya msingi, nusu udongo. Tumwage zege tu?
Jibu: Nusu ya jabali haitashuka, ya udongo itashuka, na ufa utapita pale zinapokutana. Ama mshuke hadi jabali kote, ama mlivunje na kuweka tabaka sawa chini ya msingi wote.

Swali (Kisii): Nyumba yetu tayari tunaishi. Tunaweza kuchimba gereji chini yake?
Jibu: Mama, ukichimba chini ya msingi ulio na mzigo, ukuta unakosa pa kukalia. Inawezekana kwa vipande vya mita 1 hivi, vya kupishana, kila kimoja kikimwagwa zege na kukomaa kabla ya kingine kufunguliwa, injinia akiwa pale. Ni ghali mno. Kama kuna nafasi ubavuni, kata kilima kando ya nyumba, ukiacha umbali kutoka msingi usiopungua kina cha shimo, na juu ya gereji upate veranda.