Kuonja Mashindano Mbalimbali ya Baiskeli Ukiwa Malindi

Mwendeshaji wa Malindi aliyezoea baiskeli kwa mazoezi tu, na ambaye sasa anatamani kushindana, hana haja ya kununua baiskeli maalumu kabla ya kujua ni mashindano ya aina gani yanayomfaa. Baiskeli moja yenye breki za diski na fremu inayoweza kubeba tairi za milimita 40 inatosha kuonja karibu kila aina, mradi uwe na jozi mbili za tairi: nyembamba za milimita 28 kwa ajili ya lami, na pana zenye meno kwa ajili ya vumbi.

Anza na mbio za kushindana na saa, ambamo kila mtu huendesha peke yake na kupimwa muda, kwa sababu hazihitaji mwenza wala hazikuingizi katikati ya kundi la watu usiowajua. Lami ya kutoka Malindi hadi Gede haina milima na ni kilomita 15 hivi, kwa hiyo kwenda na kurudi ni kipimo kizuri. Toka mara tu kunapopambazuka, kabla matatu na malori hayajajaa barabarani. Msimu wa Kusi, upepo hukupiga usoni na ubavuni unapoelekea Gede na kukusukuma unaporudi; Kaskazi ikiingia, mambo hugeuka. Wengi hujihifadhi wanapokabiliana na upepo wakinuia kufidia baadaye, na hapo hesabu huwakataa: dakika nyingi zaidi hutumika kwenye sehemu ya polepole, hivyo nguvu kidogo utakayoongeza hapo huokoa muda mwingi kuliko ukiiongeza huku upepo umeshakubeba. Kunja viwiko, inamisha mgongo na ubane mabega, kwani kwenye tambarare hewa ndiyo inayokula sehemu kubwa ya nguvu za mwendeshaji aendaye kasi. Mkao huo ni wa bure, na kofia za bei kubwa zilizochongwa kukata upepo zinaweza kusubiri.

Ukishajua nguvu zako, tafuta wenzako watatu au wanne mjifunze mbio za barabarani. Anayefuata kwa karibu nyuma ya mwenzake huokoa sehemu kubwa ya nguvu, pengine hata theluthi moja, na ndiyo maana mshindi wa mbio hizi huwa mwenye akili ya kujificha kuliko mwenye misuli mikubwa. Pokezaneni mbele kila baada ya dakika moja au mbili. Anayetoka mbele asogee upande unakotoka upepo, apunguze mwendo kidogo na kuwaacha wenzake wapite. Jambo la kuogopa ni tairi lako la mbele kuwa sambamba na la nyuma la mwenzako: akiyumba ghafla kukwepa shimo, ataligusa tairi lako, na aangukaye kwa kawaida ni wewe wa nyuma. Kaa nyuma yake kwa umbali wa nusu mita au zaidi mpaka mzoeane, utazame mabega yake badala ya tairi lake, na matuta na mashimo yaonyeshwe kwa mkono na kutajwa kwa sauti.

Mbio za vumbi, kwa maoni yangu, ndizo zinazomfaa zaidi mtu wa kwetu. Kenya tayari ina mbio za siku kadhaa za aina hiyo, Migration Gravel Race, zinazofanyika Maasai Mara tangu mwaka 2021. Vuka daraja la Sabaki, pita Mambrui, kisha ingia njia za vumbi zinazoelekea upande wa Marafa. Kwa mtu wa kilo 70 mwenye tairi za milimita 40, presha ya paundi 35 hadi 40 kwa inchi ya mraba (psi) ni mahali pazuri pa kuanzia. Punguza kidogo ukiona baiskeli inarukaruka, na uongeze ukisikia ringi ikigonga mawe. Mchanga mzito ndio unaowaangusha wageni. Badilisha uende gia nyepesi kabla hujaufikia, sogea nyuma kidogo kwenye kiti, legeza mikono na uendelee kukanyaga bila kukata kona, kwa maana tairi la mbele litayumba lenyewe na kurudi, na anayeng'ang'ania kulinyoosha kwa usukani ndiye anayelizika. Beba tyubu mbili, viraka na pampu, kwani miiba ya huko haina huruma.

Baiskeli za milimani zina tabu moja kwetu: milima yenyewe hatuna. Hata hivyo, njia nyembamba za msitu wa Arabuko-Sokoke zitakufunza kukata kona na kuvuka mizizi. Pitia kwanza kituo cha msitu cha Gede, ulipe ada na uwaulize askari ni njia zipi salama, kwani msitu huo una ndovu.

Zipo pia mbio fupi za saa moja au pungufu ambamo mtu hushuka, hubeba baiskeli begani na kukimbia. Mazoezi yake yanapatikana ufuoni maji yanapokupwa, ila ukirudi nyumbani osha mnyororo kwa maji yasiyo na chumvi, uukaushe na kuutia oili siku hiyo hiyo. Mbio za uwanja wa mviringo ziache kwa sasa. Filippo Ganna aliweka rekodi ya kilomita 56.792 kwa saa moja mwaka 2022 akiwa kwenye uwanja wa aina hiyo huko Grenchen, Uswisi, kwa baiskeli isiyo na breki, na baiskeli kama hiyo haina nafasi katika barabara zetu.

Unapojiandikisha kwa mara ya kwanza, uliza Shirikisho la Baiskeli la Kenya au waandaaji mambo matatu: umbali wa kundi la wanaoanza, muda wa mwisho wa kufika kila kituo, na kama barabara itafungwa magari. Jibu la swali la tatu likiwa hapana, chagua kwanza mbio za kushindana na saa au za vumbi.