Alama moja kwenye fulana, klabu na galari

Mwaka 1980 msanii wa Marekani Keith Haring alianza kuchora kwa chaki nyeupe kwenye karatasi nyeusi zilizofunika matangazo ya zamani katika vituo vya treni za chini ya ardhi, New York. Mwaka 1982 akafanya onyesho kwenye galari ya Tony Shafrazi, mwaka uliofuata michoro yake ikawa kwenye nguo za mbunifu wa mavazi Vivienne Westwood, 1985 akampaka mwimbaji Grace Jones michoro mwilini kwa ajili ya onyesho la klabu ya Paradise Garage, na 1986 akafungua Pop Shop, duka la fulana na beji. Mstari wake mnene wa upana uleule ulimfaa kote huko. Mchoro wa vivuli vyepesi na nywele mojamoja usingefika mbali hivyo.

Kwa hiyo kabla ya kununua wino, jaribu alama yako, yaani mchoro mmoja utakaoupeleka kwenye fulana, klabu na galari. Ichore kwa kalamu nene kwenye A4, ibandike ukutani, rudi nyuma hatua nane. Kisha ipunguze kwa mashine ya fotokopi hadi itoshe kwenye kiberiti. Nafasi zikizibana au mstari ukipotea, punguza vitu. Wavaaji wa kanga wanalijua hili bila kufundishwa: mji, pindo na jina vinapaswa kusomeka hata kitambaa kikiwa kimefungwa kiunoni na kukunjika.

Fulana. Nunua za pamba tupu na uzifue kwa maji ya moto na sabuni, bila dawa ya kulainisha. Pamba mpya ina dondo. Wino ukikaa juu ya dondo hutoka kwenye mfuo wa kwanza, na mteja hatarudi kukueleza. Pia pamba hupungua, kwa hiyo ukichapa kabla ya kufua, alama itajikunja.

Kwa kuchapa kwa skrini, yaani kusukuma wino kupitia wavu uliokazwa kwenye fremu, tumia wavu wa nyuzi 43 kwa sentimita. Paka emulsheni (dawa inayogandishwa na mwanga) tabaka moja jembamba kila upande, ikauke gizani, fremu ikiwa imelala. Muda wa kuichoma kwa taa unategemea taa yako, usinakili wa mtu mwingine: funika mchoro kwa kadibodi, uwe unaisogeza kila dakika moja, mara tano, kisha osha uone. Sehemu iliyochomwa kidogo huteleza na kutoka yote. Iliyochomwa kupita kiasi haifunguki kwenye mistari myembamba. Chagua muda wa katikati uliotoa kingo kali.

Wino wa maji kwenye fulana nyeusi hunywewa na kitambaa na rangi hufifia. Chapa nyeupe nzito chini kwanza. Acha saa 24, kisha piga pasi bila mvuke, juu ya kitambaa chepesi, dakika tatu hadi nne kila sehemu. Wino wa plastisoli, ambao ni wa plastiki, ni jambo jingine: haukauki kwa hewa wala jua, unahitaji joto la nyuzi 160 hivi lipenye hadi ndani. Asiye na mashine ya joto aachane nao. Fulana inayonata baada ya wiki ni kosa hilo.

Kwa mara ya kwanza 24 zinatosha: S nne, M nane, L nane, XL nne. Fua moja mara tano kabla ya kuuza nyingine.

Klabu. Hapa ndipo wachoraji wengi huumbuka, kwa sababu wanachora mchana chini ya mwanga mweupe. Nenda ukumbini usiku, muulize fundi taa ni rangi gani inakaa muda mrefu zaidi. Chini ya taa nyekundu, nyekundu uliyoichora juu ya nyeupe hupotea kabisa, na bluu huonekana nyeusi. Peleka kipande cha sentimita 20 chenye rangi zako zote, kishike pale jukwaani, piga picha kwa simu. Kazi ya dakika kumi, lakini inaokoa rangi ya kopo zima.

Pazia la jukwaa la mita nne kwa tatu lishone kwa kitambaa cha marekani. Juu weka pindo la sentimita nane la kupitisha bomba, chini tia mnyororo mwembamba, la sivyo feni zitalipeperusha usoni kwa DJ. Paka rangi nyeupe ya ukutani iliyozimuliwa, maji sehemu moja kwa rangi sehemu nne. Zikitumika taa za urujuanimno (UV), rangi zinazong'aa chini ya taa hizo lazima zipakwe juu ya nyeupe, tabaka mbili. Juu ya nyeusi hufa. Mistari isiwe chini ya sentimita tatu. Likunje kwa kuviringisha, upande wenye rangi uwe nje, maana ukilikunja kama shuka rangi hupasuka kwenye mikunjo. Liwe mbali na taa za joto, na usipande ngazi kulifunga wakati wageni wameshaanza kuingia.

Nusu ya malipo ichukuliwe kabla ya kununua rangi, na iandikwe pazia ni la nani baada ya tamasha.

Galari. Usipeleke pazia lile lile. Linanuka moshi na limetobolewa misumari. Chora upya kwenye kanvasi iliyotandazwa vizuri kwenye fremu, gesso (rangi nyeupe ya msingi) tabaka mbili au tatu, ukipiga msasa kati yake. Pete za kuning'iniza ziwe theluthi moja kutoka juu, na katikati ya picha ikae sentimita 150 hivi kutoka sakafuni.

Galari nyingi huchukua asilimia 40 hadi 50 ya bei ya mauzo. Pandisha bei tangu mwanzo, na bei ya nyumbani kwako iwe ileile ya galari. Ukimuuzia mtu kwa nusu kichochoroni, galari itajua na itafunga mlango. Na fulana? Kuna watakaosema unajishusha. Haring alisemwa hivyo hivyo kwa ajili ya Pop Shop. Jibu la kazi ni hili: alama ya fulana isiwe nakala ya picha iliyo ukutani kwa bei kubwa, iwe ndugu yake.

Anayenunua picha hajanunua haki ya kuichapa, lakini wengi hawajui. Andika kwenye risiti: «Mnunuzi amepata picha hii moja. Haki ya kuinakili na kuichapa kwenye nguo, mabango au kuta inabaki kwa msanii.» Wote wawili mtie saini, nawe ubaki na nakala.